Shairi la fumbo lilimkinga mtunzi na dola, au tumeaminishwa tu?

#1 KalamuYaMwanzi
Heshima kwenu wakuu.

Vitabu vya fasihi vya sekondari vinarudia wimbo ule ule: washairi wetu walifumba ili watawala wasiwashtukie. Muyaka kafumba, Abdilatif Abdalla kafumba, kila mtu kafumba. Mimi maelezo haya hayanikai. Muyaka bin Haji wa Mombasa alimkabili Seyyid Said wa Oman kwa mashairi mchana kweupe, na hatusikii kwamba alitiwa pingu. Abdilatif alihukumiwa kifungo Kenya mwaka 1969. Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini siku ya mwisho ya 1977. Mwandishi Alamin Mazrui naye akakamatwa 1982. Kama fumbo ni ngao, mbona huyu imemkinga na yule imemtobokea?

Ni nini hasa kilichoamua nani aende ndani na nani aachwe? Leteni ushahidi, hisia wekeni kando.

#2 MtotoWaKibokoni
Jibu fupi: Abdilatif alipitiliza. Diwani yake Sauti ya Dhiki haina fumbo la kutosha, ndiyo maana akaishia gereza la Kamiti.

#3 MizaniKumiNaSita
Ndugu yangu #2, umeanzia mkiani. Sauti ya Dhiki haikumpeleka jela, ilitoka jela.

Kilichomfunga ni karatasi ya nathari, "Kenya: Twendapi?", iliyosambazwa kwa siri mwishoni mwa 1968. Mwaka huo fomu za wagombea wa KPU, chama cha upinzani, zilikataliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, na karatasi ile ikauliza waziwazi KANU, chama tawala, inaipeleka wapi nchi. Hakuna ubeti ndani yake, hakuna kina, hakuna mnyama wala mti wa kujifichia. Hakimu alimpa miezi 18. Mwanasheria Mkuu hakuridhika, akakata rufaa, ikawa miaka 3. Kijana alikuwa na umri wa miaka 22 alipokamatwa.

Mashairi aliyatunga humo ndani kati ya 1969 na 1972. Oxford Nairobi wakayachapa 1973, na 1974 kitabu kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Narudia kwa wasiosikia: tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Kwa hiyo mkuu #1, kesi hii inawapa vitabu vya shule haki. Maneno makavu yalimfunga, mafumbo yakampa tuzo.

#4 KalamuYaMwanzi
Mkuu #3 asante kwa tarehe. Ila hitimisho lako silikubali. Tuzo ya vitabu haitolewi na polisi wa upelelezi. Inatolewa na jopo la wasomi waliojua wanasoma nini. Isitoshe, kitabu kilipotoka mwenyewe alikuwa ameshavuka kwenda Dar es Salaam, yuko Chuo Kikuu kwenye taasisi ya Kiswahili. Ngao yake hapo ilikuwa mpaka wa Namanga.

#5 BintiWaNgambo
Mnavyozungumza utadhani siasa ya fasihi ilianza na wanaume wenye kalamu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, hakuwa na fumbo lolote kwenye wimbo wake Kijiti. Mwanamke ametoka Dar kuja Unguja kutembea, akauawa, muuaji akakimbilia bara, na wenyeji wa yule mwanamke ndio waliotiwa hatiani. Siti akaimba jina la mtu, akaimba mahakama ilivyoamua, chini ya utawala wa Waingereza. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, sahani za santuri zikarudi zikauzwa mpaka Kongo.

Hapo fumbo liko wapi? Na nani alimfunga?

#6 SinaKina
Naona wazee wa vina wamekaa kimya ghafla 😄

#7 MizaniKumiNaSita
Hatujakaa kimya, tunahesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo.

Dada yangu #5, Siti aliwaimbia watu waliokwishajua kisa. Fumbo halikuhitajika kwa kuwa hukumu ilishatoka na muuaji alikuwa mtu wa mtaani, hana cheo. Aliyeguswa kwa mbali ni mahakama. Ni tofauti na kumwambia mkuu wa nchi kwamba shamba si lake peke yake.

Na hapo ndipo nataka tulitazame shairi moja kwa karibu, tusiishie kutaja majina ya vitabu. "Mnazi: Vuta N'kuvute" katika Sauti ya Dhiki ni majibizano ya ndugu wawili, Alii na Badi. Mmoja yuko juu ya mnazi, mwenziwe yuko chini anamtaka ashuke. Mnazi wenyewe ni urithi, na kila mmoja anadai haki yake. Sasa fuateni mambo matatu.

Kwanza, mtunzi hatamki lolote kwa sauti yake. Kila neno lina mwenyewe: Alii au Badi. Ukimpeleka mahakamani atasema hayo ni maneno ya mhusika. Pili, kilichochaguliwa ni mnazi. Kwa mtu wa Pwani mnazi una sheria zake: aliyepanda, aliyerithi, aliyepalilia, mkwezi na ujira wake. Msomaji anayezijua sheria hizo anajua nani ana haki kabla shairi halijamwambia. Afisa asiyezijua anaona watu wanagombania nazi. Tatu, ugomvi unabaki palepale. Mwandishi hapitishi hukumu wala hatoi amri ambayo mwendesha mashtaka angeweza kuinukuu.

Ukilinganisha na "Twendapi?", karatasi ile ilikosa yote matatu.

#8 Mwalimu_Kidato
Uchambuzi mzuri mkuu #7, lakini tahadhari. Wanafunzi wakishaonjeshwa huu utamu, kila mti unageuka kuwa serikali na kila jipu linakuwa ukabaila. Utaratibu unaozuia balaa hilo ni huu: soma shairi lote kama lilivyo, mnazi uwe mnazi. Halafu tafuta mahali ambapo maelezo yanagoma kukaa kwenye kitu chenyewe. Mamba anayetamba mtoni ni mamba. Akianza kupewa sifa ambazo mamba hana, simama hapo. Kisha angalia tarehe na mahali pa kutungwa. Kama kitabu kinataja mwezi na gereza, hiyo ni nusu ya jibu. Mwisho tafuta kama kuna mtu alilijibu, maana jibu la mshairi mwenzake ni ushahidi bora kuliko mawazo ya mwalimu.

Kinachoharibika mara nyingi ni kuruka hatua ya kwanza. Mwanafunzi anaanza na "mnazi ni Kenya" halafu anatafuta mistari ya kumkubalia.

#9 TigoniMpakaNdeiya
Wakuu mnaganda kwenye fumbo wakati jambo liko kwenye LUGHA. Angalieni mwaka mmoja tu, 1977.

Julai: Ngũgĩ anatoa Petals of Blood kwa Kiingereza. Kitabu kinawachana matajiri wapya wa Kenya bila kificho. Kinazinduliwa na Mwai Kibaki, waziri wa fedha. Watu wanapiga picha, wanakwenda nyumbani.

Oktoba: Ngaahika Ndeenda inaanza kuchezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Ameitunga na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kigĩkũyũ, wachezaji ni wakulima na wafanyakazi wa kiwanda, jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu kama 2000 wamelijenga wenyewe. Novemba leseni inafutwa. Tarehe 31 Desemba anachukuliwa, anakaa Kamiti karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani.

Mwandishi yule yule, madai yale yale, serikali ile ile. Kilichobadilika ni lugha. Fumbo halikuwemo kwenye lolote kati ya mawili hayo.

#10 Fundi_Cherehani
#9 umebadilisha vitu vinne kwa mkupuo halafu umekitaja kimoja. Lugha ilibadilika, ndiyo. Lakini kitabu kikawa mchezo, msomaji mmoja kitandani akawa umati, na mwandishi mmoja akawa kijiji kizima chenye kamati. Serikali iliogopa kamati. Ndiyo maana 1982 walirudi wakalibomoa jukwaa lenyewe. Huwezi kubomoa lugha, mbao unabomoa.

Na hata Abdilatif nadhani aliponzwa na hilo. Karatasi moja isiyo na jina inasambazwa usiku mjini maana yake kuna watu wa kuisambaza. Dola iliiona KPU nyuma ya karatasi. Mshairi angeyasoma maneno yale yale barazani kwake labda angeitwa tu na chifu.

#11 TigoniMpakaNdeiya
Basi nieleze Matigari ya Ngũgĩ. Riwaya, si mchezo. Hakuna jukwaa, hakuna kamati. Imetoka kwa Kigĩkũyũ 1986, watu wakaanza kumzungumzia Matigari na maswali yake ya ukweli na haki mpaka ikatolewa amri mtu huyo atafutwe akamatwe. Walipogundua ni mhusika wa kitabu wakakamata kitabu, Februari 1987. Wakati huo mwandishi yuko uhamishoni. Hapo waliogopa kamati gani?

#12 Fundi_Cherehani
Waliogopa watu wanaosomeana kwa sauti kwenye mabaa na matatu. Huo nao ni mkusanyiko.

#13 SinaKina
Kwa hiyo mhusika wa riwaya anatafutwa na polisi na mwandishi wa mnazi anapewa tuzo. Kuna somo hapa kwa wanaotunga: weka mti, usiweke mtu.

#14 Mwana_wa_Mji_wa_Kale
Assalaam alaykum. Narudi kwa Muyaka, maana mleta uzi kamtaja halafu mmemwacha mlangoni.

Muyaka hakuwa mpinzani wa serikali yake. Alikuwa mtu wa Mazrui, na Mazrui ndio waliokuwa wakitawala Mombasa. Alipowatungia watu wa Lamu na Seyyid Said, alikuwa anatetea mji wake dhidi ya nje. Lamu nao walikuwa na mshairi wao Zahidi Mngumi, shairi linatoka huku, jibu linatoka kule, na baadaye mambo yakaishia Vita vya Shela. Kwa hiyo kumweka Muyaka na Abdilatif kwenye mizani moja ni kuonea mizani. Mmoja ana mtawala nyuma yake, wa pili ana mtawala mbele yake.

Mazrui waliangushwa 1837. Muyaka akaishi miaka michache tu baadaye. Tungekuwa na diwani nzima ya miaka hiyo ya mwisho, na kila shairi lina tarehe yake, swali la #1 lingejibika. Bahati mbaya mashairi hayakuachwa hivyo. Yaliokotwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah kutoka kwa watu waliokuwa wameyahifadhi kichwani, akayaandika kwa ajili ya Taylor, mmisionari Mwingereza, na mhariri Hichens akayachapa 1940 huko Johannesburg. Karne nzima imepita hapo katikati.

#15 KalamuYaMwanzi
Hapa umenigusa sheikh. Kwa hiyo kinga ya Muyaka ni mlezi.

#16 Mwana_wa_Mji_wa_Kale
Mlezi na umbali. Seyyid alikuwa Maskati, baadaye Unguja. Shairi la Kimvita kumfikia lilihitaji mtu wa kulichukua na mtu wa kulieleza.

#17 LindiKusini
Ongezeni na upande wa pili, msije mkadhani ushairi wote ulikuwa wa kupinga. Vita vya Wajerumani vilitungiwa tenzi na watu wa pande zote. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga juu ya vita vya Mrima, yaani pwani ya Tanganyika, vile vya Bushiri na Bwana Heri waliopigana na Wajerumani, na moyo wake uko na Waswahili. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kwetu Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga Vita vya Maji Maji. Lakini Carl Velten, mkalimani wa serikali ya Kijerumani, alikusanya na kuchapisha mashairi mengine ambayo yanamsifu Mdachi, yaani Mjerumani, kwa bendera, barabara na bunduki. Mizani ni 8 kwa 8, vina safi kabisa.

Sasa ulizeni: anayekusanya ni afisa, anayeandika anajua afisa ataisoma. Sifa zile ni za kweli, za woga, au za kutafuta riziki? Wapo wanaoona kejeli ndani yake, kwamba mtu akisifia mizinga kupita kiasi anahesabu maiti. Mimi siendi mbali hivyo. Ninachosema ni kwamba tulichonacho mkononi kimechujwa. Yaliyomtukana Mdachi bila adabu hayakupelekwa kwa Velten, na mengi yalikufa na waliokuwa wakiyaghani.

#18 MizaniKumiNaSita
Hii hoja ya mchujo ni nzito kuliko yangu ya mnazi. Fumbo linaonekana limewakinga washairi wote kwa sababu yasiyofumbwa hayakutufikia.

#19 MtotoWaKibokoni
Mzee wa mizani ameyumba! Andikeni tarehe.

#20 Chitowe
Tanzania mmeiruka. Baada ya Azimio la Arusha 1967 Mwalimu Nyerere aliwataka washairi walieneze azimio, na Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, akaikuza ngonjera: wahusika wawili au zaidi, mmoja mjinga au mbishi, mmoja mwenye elimu, wanajibizana kwa beti mpaka mbishi anakubali. Kitabu chake Ngonjera za UKUTA (UKUTA ni chama cha washairi) kikatoka 1970, shule zikajaa.

Linganisheni na Alii na Badi wa #7. Umbo ni moja, majibizano kwa vina. Tofauti ni kwamba katika ngonjera mwisho unajulikana tangu ubeti wa kwanza: mbishi atakubali. Katika Mnazi hakuna anayekubali. Ukitaka kujua shairi liko upande wa dola au la, usihesabu mafumbo, angalia kama mbishi anaruhusiwa kubaki mbishi.

#21 SinaKina
#20 umemaliza. Na ndiyo maana mshairi Kezilahabi wa Tanzania alipotoa diwani ya Kichomi 1974 bila vina, wenye vina walimjia juu kana kwamba kachoma msikiti. Umbo lilishakuwa mali ya chama, anayelivunja anaonekana amevunja zaidi ya umbo.

#22 MizaniKumiNaSita
Tusisingiziane. Vina vilikuwepo kabla ya chama chochote. Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inawaonya wakubwa kwa magofu ya Pate, na ina vina kuliko ngonjera zote za shule.

#23 SinaKina
Inkishafi ni utenzi, si shairi. Mizani 8.

#24 MizaniKumiNaSita
Mizani 10, ndugu. Kila kipande kinakatika 6 na 4. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kinabeba bahari, yaani kina kinachorudi katika utungo mzima. Chukua kidole uhesabu, na kumbuka "m" ya "mtu" inasimama peke yake kama silabi, ila "mbu" ya "mbuzi" ni silabi moja.

#25 BintiWaNgambo
Mnarudi kwenye vidole. Mimi nina maelezo mengine kabisa: fumbo halikuwa la kujificha polisi. Ni adabu. Mtu mzima hamtukani mtu mzima mwenziwe hadharani kwa jina. Anasema na mlango ili ukuta usikie. Kanga inafanya hivyo, taarabu inafanya hivyo, mke mwenza anafanya hivyo na hakuna anayeogopa kufungwa. Mshairi aliyemfumbia rais kwa mnazi au mamba angemfumbia hata jirani yake. Tukisema amefumba kwa hofu tunampunguzia.

#26 Mwalimu_Kidato
Dada #25, nakubali kwa taarabu. Ila adabu haielezi kwa nini mtu huyo huyo aliandika "Twendapi?" bila kufumba. Adabu ilikwenda wapi usiku ule?

#27 BintiWaNgambo
Nathari ina adabu zake, shairi lina zake. Ndiyo hoja yangu hasa.

#28 Fundi_Cherehani
Kuna kazi nyingine ya vina ambayo hamjaitaja, nayo ni ya kivitendo kabisa. Abdilatif gerezani aliandika kwenye karatasi za chooni, na Ngũgĩ miaka michache baadaye akaandika riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi hizo hizo. Karatasi hiyo inalowa, inachanika, inakamatwa kwenye msako. Riwaya ikipotea kurasa mbili, zimepotea. Shairi la mishororo minne ya mizani 16 lina mizani 64 kwa ubeti, kina cha kati na cha mwisho vinajulikana. Ukiwa nalo kichwani na neno moja limekutoka, idadi inakwambia lina silabi ngapi na kina kinakwambia linaishia na nini. Unalirudisha. Kwa mfungwa, vina ni sanduku lenye kufuli.

Kwa hiyo huenda umbo la kale lilichaguliwa jela kwa kuwa linabebeka, na tafsiri zetu za fumbo na upinzani ni mambo ya juu yake.

#29 TigoniMpakaNdeiya
Lakini Ngũgĩ aliokoa riwaya nzima bila vina. Walimnyang'anya, afisa akamrudishia.

#30 Fundi_Cherehani
Umejijibu: afisa akamrudishia. Asingerudishiwa je?

#31 Kipwani_Nje
Wakuu samahani natoka nje kidogo ya mada. Nina picha za miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu, na ubeti mmoja unasomeka kama una maneno ya siasa na kama hauna. Mnasomaje bila kujidanganya?

#32 Mwana_wa_Mji_wa_Kale
Si nje ya mada, ndiko mafumbo mengi ya uongo yanakozaliwa. Hati ya zamani ina alama tatu tu za irabu: fataha ni a, kasra ni i au e, dhumma ni u au o. Ba inaweza kusimama kwa b, p au mb. Fa kwa f au v. Ghaini kwa g, ng na ng'. Andika kafu yenye dhumma na ba yenye fataha, msomaji anaweza kusoma kupa, kopa, komba au kumba. Ukiwa na hamu ya siasa utasoma "kumba", serikali imekumba watu. Mwenye mswada labda alisema "kopa", anadaiwa dukani.

Piga picha ukurasa kwa mwanga wa ubavuni ili alama za irabu zilizofifia zionekane. Nakili herufi kwa herufi kwanza, usisome maneno bado. Halafu andika chini ya kila neno njia zote linavyoweza kusomeka, hata zile za kipuuzi. Vina havitakusaidia sana katikati ya kipande, ila mwishoni vinachuja haraka. Mizani itakuonyesha neno lililorukwa na mnakili. Kisha angalia lahaja: kama mahali pengine kaandika "nti" kwa "nchi", usimlazimishe Kiunguja mstari unaofuata. Mwalimu Sikujua aliongeza nukta zake za kutenganisha sauti za Kimvita, kwa hiyo ukiona nukta zisizo za Kiarabu usizifute ukidhani ni uchafu wa wino.

Palipobaki pengo, acha pengo na uandike ni la mizani ngapi.

#33 Kipwani_Nje
Shukran sheikh. Ubeti wenyewe una pengo la mizani 3 kwenye kipande cha tatu, kina ni -wa.

#34 MtotoWaKibokoni
"Tumefungwa". Mizani 4. Basi.

#35 MizaniKumiNaSita
Kaka, ameomba 3.

#36 MtotoWaKibokoni
"Kafungwa". Abdilatif alipitiliza, nilisema tangu #2.